Wajibu wa Kueleweka

Kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, wanawake zaidi ya 10,000 nchini Tanzania hupata saratani ya mlango wa kizazi kila mwaka, na zaidi ya 6,000 hufa kwayo. Hakuna saratani nyingine inayoua wanawake wengi kiasi hicho nchini. Ni chache pia saratani ambazo binadamu amejifunza kuzizuia kama hii. Kisababishi chake kinajulikana. Chanjo ipo na hutolewa bure. Kipimo cha kuibaini kabla haijawa saratani kipo, na mabadiliko yakionekana mapema mara nyingi hutibiwa siku hiyo hiyo, mwanamke akarudi kwake kwa miguu yake. Pamoja na hayo yote, wengi wa wanaofikishwa Taasisi ya Saratani Ocean Road hufika ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne, wakati uwezo wa tabibu umekwisha kupungua sana.

Kila taarifa inapotolewa juu ya hali hii, sababu inayotajwa ni ile ile: uelewa mdogo wa jamii. Maneno hayo yamezoeleka katika hotuba, ripoti na maandiko ya miradi hata hakuna anayeyahoji tena. Yanamfanya mama wa Kishapu au Kilwa aonekane mwenye kosa la kutoelewa jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kukaa naye kumweleza. Sisi tunasema mzigo huo umetwishwa asiyestahili. Aliyepewa mshahara, bajeti na dhamana ya kuonya ndiye mwenye wajibu wa kueleweka. Onyo lisilomfikia mlengwa kwa lugha yake, kwa mtu anayemwamini na kwa wakati anaoweza kulitumia, halijatolewa, hata kama vipeperushi vimechapishwa na fedha zimekwisha.

Tuanze na chanjo, kwa kuwa hapo ndipo deni ni kubwa zaidi. Virusi vya HPV ndivyo chanzo cha karibu saratani zote za mlango wa kizazi. Mjerumani Harald zur Hausen, aliyeonyesha uhusiano huo, alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Aina mbili tu za virusi hivyo, 16 na 18, husababisha takriban asilimia 70 ya saratani hizo, na hizo ndizo chanjo inazozilenga. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili zikiachana kwa miezi sita. Aprili 2024 utaratibu ulibadilika: dozi moja, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14.

Mabadiliko hayo hayakutoka hewani. Yalitokana na utafiti, na sehemu yake ilifanyika hapa kwetu. Mkoani Mwanza, wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 walishiriki katika utafiti wa kulinganisha dozi moja, mbili na tatu. Nchini Kenya, wasichana na wanawake vijana 2,275 wa miaka 15 hadi 20 walishiriki katika utafiti mwingine ambao matokeo yake, yaliyotangazwa mwaka 2022, yalionyesha kuwa dozi moja inakinga kwa zaidi ya asilimia 97 dhidi ya aina 16 na 18 katika miezi 18 ya kwanza. Ushahidi wa aina hiyo ndio uliolifanya Shirika la Afya Duniani likubali ratiba ya dozi moja. Kwa maneno mengine, mabinti wa Afrika Mashariki walitoa mikono na damu yao ili dunia nzima ijue. Ingekuwa haki basi mzazi wa Mwanza awe wa kwanza kuelezwa kilichogundulika.

Je, alielezwa? Mzazi ambaye mtoto wake mkubwa aliambiwa mwaka 2019 kwamba asipopata dozi ya pili hajakingwa, na ambaye mtoto wake mdogo sasa anaambiwa moja inatosha, ana haki ya kuuliza nini kimebadilika. Je, dawa imepunguzwa kwa sababu ya bei? Je, ile ya pili ilikuwa haina kazi, au ilikuwa na madhara yakafichwa? Jibu lipo, ni fupi, na ni la kujivunia. Lakini mahali pengi mzazi anapewa tangazo la tarehe ya kuchanja, haelezwi sababu. Anapokosa jibu kwa muuguzi, atalipata kwenye simu ya jirani, nalo halitakuwa lile la Mwanza.

Ndivyo uvumi unavyozaliwa. Unaodumu kuliko wote unasema chanjo hii inafunga uzazi. Wataalamu wengi huusikia, wakatikisa kichwa, wakasema ni imani potofu, kisha wakaendelea na ratiba. Hilo si jibu. Mwaka 2014 Maaskofu Wakatoliki wa Kenya walipinga hadharani kampeni ya chanjo ya pepopunda kwa wanawake wa umri wa kuzaa, wakidai imechanganywa na kitu cha kuzuia mimba. Serikali na mashirika ya afya yalikanusha. Miaka mitano baadaye, Kenya ilipozindua chanjo ya HPV, chama cha madaktari Wakatoliki nchini humo kiliipinga nayo. Hofu iliyokanushwa bila kujibiwa haikuisha. Ilikuwa imelala tu.

Sasa mzazi wa mkoa wowote wa Tanzania anapouliza kwa nini wanachanjwa wasichana peke yao, swali lake lina mantiki. Ajibiwe kwa heshima: wanaume nao hubeba virusi hivi na kuviambukiza, lakini saratani inayoua kwa wingi iko kwenye mlango wa kizazi, na chanjo ikiwa haitoshi watu wote, anatangulia aliye hatarini zaidi. Anapouliza kwa nini mtoto wa miaka tisa, ambaye hajui mwanaume, apewe kinga ya ugonjwa wa kujamiiana, ajibiwe pia: chanjo hufanya kazi vizuri zaidi kabla mwili haujakutana na kirusi, na kumkinga mtoto mapema si kumpa ruhusa ya lolote. Na aambiwe ukweli wote, ikiwemo kwamba binti aliyechanjwa bado atahitaji kupimwa atakapokuwa mtu mzima, kwa kuwa chanjo haizuii kila aina ya kirusi. Anayeficha mipaka ya chanjo ili ionekane bora, anaandaa uvumi wa kesho kwa mikono yake.

Jambo la pili ambalo taasisi zetu zinalijua lakini zinatenda kama hazilijui ni kwamba uamuzi wa afya katika familia zetu haufanywi na mtu mmoja. Barua ya shule inamwendea mzazi. Lakini nyumbani kuna bibi aliyemlea huyo binti, kuna baba aliye machimboni Geita anayeuliza kwa simu, kuna shangazi ambaye neno lake juu ya mwili wa binti ni zito kuliko la mwalimu. Pwani kuna somo na kungwi, ambao kwa vizazi wamekabidhiwa kazi ya kumfundisha mwari habari za mwili wake. Ni mara ngapi kungwi amealikwa kwenye kikao cha maandalizi ya chanjo cha kata? Tunawaita viongozi wa kimila wanapohitajika kupiga picha na mgeni rasmi, kisha tunashangaa wanapowarithisha wari wao maswali ambayo sisi hatukuwajibu.

Rwanda ilipoanza chanjo hii mwaka 2011, ya kwanza barani Afrika kuitoa nchi nzima, ilivuka asilimia 90 ya wasichana waliolengwa. Haikufanya muujiza. Ilichanja shuleni, na wakati huo huo ikawatuma wahudumu wa afya wa vijijini, watu wanaojulikana kwa majina na kila kaya, kuwatafuta mabinti wasio shuleni na kuzungumza na wazazi wao. Sisi tumekuwa hodari wa sehemu ya kwanza. Binti aliyeacha darasa la nne kuchunga ng'ombe Longido, au aliyepelekwa mjini kufanya kazi za ndani, hayumo katika orodha ya mwalimu mkuu. Ndiye pia ambaye, miaka 25 ijayo, hatakuwa na nauli ya kwenda kupimwa. Mpango unaomkosa huyo umewakosa waliokusudiwa.

Tuje kwa mama zao. Shirika la Afya Duniani limeweka shabaha tatu za mwaka 2030: asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa kabla ya kutimiza miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa kwa kipimo cha uhakika kufikia miaka 35 na tena kufikia 45, na asilimia 90 ya watakaokutwa na tatizo watibiwe. Shabaha ya pili ndiyo inayotutoa jasho, na ndiyo ambayo matangazo yetu yanaisaidia kidogo kuliko zote. Bango linasema kinga ni bora kuliko tiba, wahi hospitali, pima afya yako. Hakuna hata neno moja hapo linalomwambia mwanamke anachotaka kujua.

Anachotaka kujua ni hiki. Atapimwa na mwanamume au mwanamke? Atavuliwa nguo zote? Kinaingizwa nini, na kinauma kiasi gani? Itachukua muda gani, maana watoto wamebaki peke yao? Kuna malipo? Mume akiuliza, amjibuje? Na kubwa kuliko yote: wakiona kitu, ndiyo basi? Majibu yapo, na mengi yanatuliza. Kwa kipimo cha kawaida kwenye vituo vyetu, muuguzi hupaka siki yenye nguvu ndogo kwenye mlango wa kizazi na kuangalia kwa macho kama kuna sehemu inayogeuka kuwa nyeupe. Ni kazi ya dakika chache. Sehemu hiyo ikionekana, mara nyingi si saratani bado. Ni mabadiliko ambayo yakiachwa kwa miaka yanaweza kuwa saratani, na yakitibiwa kwa baridi au kwa joto hapo hapo yanakwisha. Mwanamke aliyeelezwa hivyo anakwenda kupimwa akiwa na sababu. Asiyeelezwa anaamini kwamba kwenda kupimwa ni kwenda kuambiwa siku yake ya kufa, na anabaki nyumbani kwa uamuzi ambao, kwa alichojua, ni wa busara.

Kwa mwanamke anayeishi na virusi vya UKIMWI, jambo hili ni la dharura zaidi. Hatari yake ya kupata saratani hii ni takriban mara sita ya mwenzake asiye na maambukizi, na anashauriwa kuanza kupimwa akiwa na miaka 25, si 30 kama wengine. Huyu tunamjua, tunaonana naye kliniki kila anapofuata dawa. Kuna udhuru gani wa kumwacha aondoke na vidonge vyake bila kumwambia? Na kwa yule anayeona haya kufunuliwa mbele ya mtu, kipimo cha HPV ambacho mwanamke hujichukulia sampuli mwenyewe sasa kinakubalika kimataifa. Pale kilipo kitangazwe, na pale kisipokuwepo kidaiwe.

Tumekaa sana kwenye saratani moja kwa sababu inafichua zaidi uzembe wetu. Lakini sheria ni hiyo hiyo kwa nyingine. Nchi hii ni kubwa, na saratani haimvizii kila mtu kwa mlango mmoja. Ujumbe mmoja wa taifa hauwezi kutosha.

Chukua Kilimanjaro. Ukanda unaopita Kenya, Tanzania hadi Malawi una saratani nyingi ya umio, yaani njia ya chakula. Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa kimataifa walitangaza kwamba vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 yumkini husababisha saratani hiyo. Utafiti uliofanyika mkoani humo ulikuwa umekwisha kuonyesha kwamba watu huanza kunywa chai ikiwa na wastani wa zaidi ya nyuzi 70. Hapa hakuna haja ya kumtisha mtu wala kumnyang'anya kikombe. Mama anayewamiminia watoto chai asubuhi aambiwe aiache ipoe kidogo kabla ya kuwapa. Basi. Ni ushauri usiogharimu senti, na bado hausikiki katika vijiji vinavyouhitaji.

Nenda Dodoma na Manyara, ambako mwaka 2016 sumukuvu iliua watu. Sumu hiyo ya ukungu wa mahindi na karanga husababisha saratani ya ini ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka, na hatari huzidi kwa mwenye homa ya ini aina ya B. Kuambiwa "hifadhi chakula vizuri" hakumsaidii mkulima. Mtu amwambie kwamba kupika hakuiondoi sumu hii. Kwamba mahindi yaanikwe juu ya turubai, si juu ya udongo. Kwamba punje zilizooza zikichambuliwa zisipelekwe kwenye pombe wala kwa ng'ombe wa maziwa, kwa kuwa sumu hurudi kwa njia hiyo hiyo ndani ya nyumba. Maneno hayo yasemwe mwezi wa mavuno, na yasemwe na bwana shamba. Wiki ya maadhimisho ya saratani huko mjini si msimu wa mkulima.

Nenda palipo na kichocho cha mkojo, Unguja, Pemba na sehemu za Kanda ya Ziwa. Kichocho kisichotibiwa kwa muda mrefu huleta saratani ya kibofu. Mvulana anayekojoa damu anapaswa kujua kwamba hiyo si dalili ya kukua bali ni ugonjwa wenye dawa. Na nenda kwenye familia yenye mtoto mwenye ualbino, ambaye jua la kila siku linaweza kumpa saratani ya ngozi akiwa bado kijana. Hospitali ya KCMC mjini Moshi imekuwa ikitengeneza mafuta ya kumkinga na jua. Mzazi wake anapaswa kujua habari za mafuta hayo tangu wodi ya uzazi, pamoja na kofia pana, mikono mirefu na kiti cha darasani kisichopigwa na jua. Hilo ni jukumu la mkunga na la mwalimu, si la bango.

Wapo watakaosema mambo haya ni mazuri ila nchi haina uwezo. Historia inawakatalia. Mwaka 1973, nchi ikiwa maskini kuliko leo, ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Redio ilitangaza vipindi, vitabu vya Kiswahili chepesi vikasambazwa, na watu wazima wapatao milioni 2 wakakaa katika vikundi vijijini, wakasikiliza, wakajadili, kisha wakaamua wenyewe la kufanya. Vyoo vilichimbwa, madimbwi yakafukiwa. Miaka 20 baadaye Redio Tanzania ilirusha mchezo wa Twende na Wakati, na wasikilizaji wakamfuata dereva wa lori Mkwaju na mkewe Tunu kama majirani zao. Kwa kuwa mchezo huo haukurushwa Dodoma katika miaka miwili ya mwanzo, watafiti waliweza kulinganisha, wakaona kwamba waliousikia walibadilika zaidi katika uzazi wa mpango na kujikinga na UKIMWI. Maarifa ya kuwafikia watu wetu tuliyazalisha wenyewe, yakapimwa na kuthibitika. Kuyaacha yalale kwenye makabati ni uzembe.

Tunadai basi mambo yafuatayo.

Wizara ya Afya iache kuhesabu vipeperushi na semina kama mafanikio. Ipime kilichoeleweka: mhudumu awaulize wazazi kumi baada ya mkutano walichosikia, na wasipoweza kukisimulia, mkutano huo uhesabiwe haujafanyika. Kila ujumbe ujaribiwe kwa wale unaowahusu kabla ya kuchapishwa, wawepo walioishia darasa la pili, wasioona na wasiosikia.

Halmashauri ziweke fungu la mawasiliano ya kinga ya saratani kwa kufuata ugonjwa wa eneo lao, si kwa kunakili mpango wa taifa. Mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024 unalenga kuwa na wahudumu zaidi ya 137,000 ndani ya miaka mitano. Hao ndio wajumbe tuliokuwa tukiwakosa. Walipwe kwa wakati, wafundishwe kujibu maswali magumu, na wasigeuzwe makarani wa kujaza fomu.

Viongozi wa dini waelezwe mapema na kwa ukweli, wapewe nafasi ya kuuliza, kisha wabebe wajibu wao. Imamu au mchungaji anayeeneza jambo asilolichunguza juu ya chanjo atajibu mbele ya waumini wake. Vyombo vya habari, na sisi tukiwemo, viache kuikumbuka saratani Februari na Oktoba tu, na viache kuichapisha hofu bila kuandika kituo kipi kinapima, siku gani, na kwa gharama gani.

Lakini la mwisho ndilo zito kuliko yote. Mwanamke akishaelewa, akaazima nauli, akaamka alfajiri, akafika kituoni na kuambiwa siki imekwisha, au muuguzi aliyefunzwa amehamishwa, serikali imevunja ahadi mbele ya kijiji kizima. Atakaporudi atasimulia, na masimulizi yake yatakuwa na nguvu kuliko kampeni yoyote. Kwa hiyo asiitwe mtu kwenye huduma isiyokuwepo. Mganga mkuu wa wilaya athibitishe vifaa na watumishi kabla tangazo halijatoka, na jina lake liwe chini ya tangazo hilo.

Hatuombi huruma kwa familia za pembezoni, wala hatuiombi jamii ibadilike ili irahisishe kazi ya maofisa. Ofisi za umma zimeajiriwa na familia hizo. Mwaka 2030 utakapofika na shabaha zikakosekana, tusiletewe tena ripoti ya uelewa mdogo wa jamii. Kila mkuu wa idara aje na orodha ya vijiji alivyovifikia, aseme walioelewa ni wangapi na waliopimwa ni wangapi, na asiye na orodha hiyo ampishe mwingine kwenye kiti chake.